Kitabu Kisicho na Mwanzo

Nilikinunua shilingi 100 pale karibu na Posta, Digo Road, kwa yule jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya gunia, na siwezi kusema nilikichagua kwa jina maana jina hakina. Jalada lishang'oka zamani. Kurasa za mwanzo pia hazipo, kinaanza ukurasa wa 31 katikati ya sentensi, mwanamke yuko kwenye foleni na kadi mkononi, mtu nyuma yake anakohoa. Nikamwambia muuzaji hiki mbona kimekatwa kichwa, akanijibu "dada, mwisho upo, nimeangalia mwenyewe," akakipangusa vumbi na shati lake akanipa.

Jioni ile ile nikakifungua kwenye matatu ya Kisauni. Tumekwama juu ya daraja la Nyali kama kawaida, makanga anagombana na bibi mmoja kwa ajili ya shilingi 10, jasho linatiririka mgongoni, na mimi nishazama kwenye mji ambao maji hutolewa kwa kadi, lita kadhaa kwa kichwa, na huyu mwanamke kumbe ni karani wa hiyo hiyo ofisi ya kadi, asubuhi moja anapitia majina anakuta jina la kakake limepigwa mstari. Marehemu. Na kaka mwenyewe amemwacha nyumbani anakunywa chai. Basi tangu hapo hana maji, hana mkate, hana pa kulala, na siku ya tatu ikifika yeyote atakayekutwa naye nyumba moja atapigwa mstari pia. Niliposhtuka nishapitishwa stegi mbili, nikarudi kwa miguu gizani huku bado nasoma kwa tochi ya simu, jambo ambalo mtu mwenye akili zake hafanyi kwenye barabara ile.

Lakini si kitabu kilichonitia hamu ya kuandika, ni safari yake. Kimezunguka mtaani kwetu kama kikombe cha kahawa barazani. Kwanza kijana wa tuktuk anayekaa juu yetu alikiona mkononi mwangu akaniuliza "wasoma nini hata salamu huitikii?", nikamwazima, akakaa nacho siku nne akakirudisha kina doa la mafuta ya viazi karai kwenye ukurasa wa 112. Hakijapoa kinyozi akakitaka. Kwa kinyozi kikaonekana na mzee mmoja aliyestaafu bandarini, alikuwa amekuja kunyolewa ndevu tu, akaondoka nacho. Na hawa si watu wa vitabu, nataka tuelewane, kijana wa tuktuk mara ya mwisho kusoma kitabu kizima ni kidato cha nne na alilazimishwa. Sasa ananigongea mlango saa 4 usiku kuniuliza kama yule bwana mwenye miwani ni mtu mzuri au ni mjasusi, na mimi namwambia soma mwenyewe, na yeye aniambia "nambie tu, ntalala vipi?"

Stori kama hizi wenye kuzisomea huziita distopia, hadithi za dunia iliyoharibika halafu uharibifu ukapangwa ukapangika, una ofisi zake na sare zake, na ukitiwa mtu wa kukimbia na saa inayomhesabia ndio inakuwa thrila. Si mtindo wa jana. George Orwell, Mwingereza, alitoa riwaya yake iitwayo 1984 mwaka wa 1949, na Januari 2017, miaka 68 baadaye, ikapanda mpaka nambari 1 kwa mauzo ya Amazon kule Marekani, yaani kitabu cha mtu aliyekufa zamani kinawapita walio hai wote. Ukiuliza kwa nini watu wa kawaida wanazipenda hizi stori utaambiwa haraka haraka wanaogopa yajayo, ati kitabu ni onyo. Mimi jibu hilo nalikataa. Nani amewahi kukosa stegi kwa sababu ya onyo? Onyo tunalo kwenye kila pakiti ya sigara.

Jibu langu nimelipata jikoni, kwa mamangu mdogo.

Yeye Kiingereza kinamchosha, Kiswahili anasoma, msahafu anasoma, Kiingereza anasema ni kama kutembea na ndara za mtu mwingine. Basi nikawa namsimulia usiku akikanda unga. Anauza mahamri asubuhi pale nje ya mlango, kwa hiyo saa 3 usiku ndio wakati wake, tui lishachujwa, iliki ishatwangwa, hamira imeumuka kwenye kikombe chenye mkono uliovunjika ambacho hataki kukitupa. Anausukuma unga, anaukunja, anausukuma. Mimi nimekaa juu ya dumu naeleza. Na kila nikifika pahali pa moto mikono inasimama ndani ya karai, ndio nikawa najua stori imeshika, unga haukandwi tena, mpaka nimalize ile sehemu ndio aseme "haya" aendelee.

Maswali yake sasa. Hakuuliza habari ya serikali hata mara moja, wala ukuta, wala askari. "Kadi ni ya nyumba au ni ya mtu?" Ni ya mtu. "Mtoto akizaliwa yuwaandikwa siku ile ile, au mamake amgawia yake?" Sijui. "Na mgeni akija?" Hawana wageni, mamangu. Akanitazama kama nimetukana. Halafu akakunja unga akauliza polepole, "Na maiti huoshwa na maji ya nani?"

Nikabaki. Kitabu kina kurasa 340 na ushei, watu wanakufa ndani yake kama nzi, na mwandishi hakukumbuka hata siku moja kuwa maiti lazima aoshwe. Niliwahi kusoma chambuzi ndefu za hivi vitabu mitandaoni, hakuna iliyonigonga kama swali hilo.

Ila tusifanye mamangu mdogo ni mhakiki tu, alikuwa anafurahia jamani, alikuwa anaisubiri hiyo saa 3 kuliko anavyosubiri tamthilia. Na kilichomfurahisha nilikigundua usiku wa tano au wa sita, tulipofika pale karani anapanda ngazi mpaka gorofa ya tisa akafungua mlango na ndani kuna bwana mmoja mnene kidogo, anakula chungwa, na hizo orodha zote za kupigwa mstari ni yeye anayezitia saini. Yeye. Ana jina, ana meza, ana maganda ya chungwa kwenye sahani. Mamangu mdogo akashusha pumzi akasema "aa, angalau wao wamjua."

Lazima ujue wiki ile sisi wenyewe tulikuwa siku ya 11 hatujaona tone mferejini. Maji ya Mombasa hutoka mbali, mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, bomba la zaidi ya kilomita 200, mengine Baricho kwenye Mto Sabaki, kisiwa chenyewe mto hakina, na visima vyetu vingi ni vya chumvi, ukiogea sabuni haitoi povu. Kwa hiyo yakikatika tunamsubiri mwenye mkokoteni, na mwenye mkokoteni siku zile alishapandisha dumu la lita 20 mpaka shilingi 50 na ukibishana naye anasukuma mkokoteni anaenda. Nimepiga simu, sehemu ya kwanza wananiambia si sisi, ni huko juu. Huko juu wananiambia si sisi, ni bomba. Bomba limefanya nini? Linashughulikiwa. Na nani? Hapo simu inakatika. Nikampata jamaa mmoja anayejuana na jamaa, akaniambia kwa siri kuwa hata wao hawajui. Hiyo ndiyo siri niliyopewa, kwamba hakuna anayejua!

Sasa linganisha. Kule kitabuni shida ina mwenyewe. Mtu mmoja amekaa gorofa ya tisa na amekusudia usipate maji, na ukiwa na moyo na viatu vizuri utapanda ngazi utamkuta. Mimi nadhani hilo ndilo linalouza hizi stori kwa watu ambao hawajali fasihi hata kidogo, unapewa dunia mbaya kuliko yako lakini dunia yenye maana, hakuna kitu kinatokea hivi hivi, mlango ukifungwa kuna aliyeufunga. Tunaosoma si kwamba tunataka kuogopa, kuogopa tunako kwa bure. Tunataka kumuona huyo bwana anakula chungwa.

Na hapa nitasema la kazini kwangu japo si siri kwa mtu yeyote wa mjini. Nafanya kazi ya makaratasi ya kontena, kazi ya kujaza fomu kwenye kompyuta na kungoja, na neno tunalolisikia kuliko jina la Mungu ni "sistimu iko chini." Dereva amelala kwenye lori siku mbili, mwenye mzigo analia kwenye simu, na sistimu iko chini. Nimesoma hizi distopia nyingi, ni nadra kukuta sistimu iko chini! Kamera zote zinafanya kazi. Taa za minara zinawaka usiku kucha, hakuna umeme kupotea. Mtoro anatajwa saa 2, saa 2 na dakika 5 picha yake iko kila ukuta, we hebu jaribu kubadilisha namba ya simu kwenye fomu yoyote uone itachukua wiki ngapi. Waovu wa kwenye vitabu ni wachapakazi ajabu. Mara nyingine nikisoma najikuta nawahusudu, astaghfirullah.

Halafu mhusika mkuu, mumeshawahi kuangalia ni nani? Si shujaa, si mwanajeshi. Wa Orwell ni mtu wa ofisini, kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani yafanane na uongo wa leo. Yule wa Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, 1953, ni mfanyakazi wa zimamoto ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu. Wangu ni karani wa kadi. Yaani ni mtu wa ndani, anayekula mshahara wa hiyo hiyo mashine, aliyezoea, ambaye asubuhi moja anaona jina moja analolijua. Ukiwa na kazi kama yangu hiyo inakuchoma pahali fulani, kwa sababu na mimi kuna mistari nimeshaipiga bila kuuliza kwa maana fomu ilisema piga. Kijana wa tuktuk haikumgusa hiyo kabisa, yeye alikuwa upande wa yule kaka wa karani aliyejificha, siku nzima yuko chini ya kitanda anasikiliza viatu. Kumbe kila mtu alijichagulia mtu wake mle.

Kuna watakaosema sisi huku hayo ya kubuni tuyafanyie nini na tushaishi ndani yake. Kweli tumeishi. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ya korona ilianza nchi nzima, saa 1 usiku mpaka saa 11 alfajiri, tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa hakuna kuingia hakuna kutoka, Mei wakafunga Mji wa Kale peke yake, ndani ya mji uliofungwa tayari, na kaunti haikufunguliwa mpaka tarehe 7 Julai. Nakumbuka usiku wa kwanza nilisikia honi ya meli kutoka kitandani kwangu Kisauni, sijawahi kuisikia kabla wala baadaye, mji ulikuwa umenyamaza kiasi hicho. Nakumbuka mtu wa mtaa wetu, mpole kabisa, akawa anahesabu nani amechelewa kuingia, hakuambiwa na mtu, alipenda tu. Huyo ningemkuta kwenye kitabu ningesema mwandishi amezidisha.

Na mwaka ule ule dunia nzima, badala ya kutazama vichekesho, watu wakaenda kuitafuta Contagion, muvi ya maradhi ya 2011. Watafiti wa Marekani na Denmark wakafuatilia jambo hilo, waliwahoji watu 310, na walichokitoa 2021 ni kuwa wale wapenzi wa stori za dunia kuanguka walijiona wamejiandaa vizuri kidogo kuliko wenzao na hawakubabaika sana. Ni kama walifanya mazoezi. Sijui niseme nini, mimi nilikuwa nishasoma hizi chungu nzima kufikia 2020 na maandalizi yangu yalikuwa kukimbia dukani kununua unga kilo 12 na kusahau hamira. Mamangu mdogo hajasoma hata moja na ndiye aliyekuwa na mitungi sita imejaa.

Lakini tofauti na kitabu ni kuwa korona haikuwa na sura ya mwisho. Hakuna aliyekimbia ukutani usiku wa mwisho. Iliishaishaisha. Mtu akatoa barakoa, mwingine akatoa, siku moja ukashangaa umevaa peke yako.

Hapo ndipo namkumbuka Katama Mkangi, mwandishi wetu wa Pwani, ambaye riwaya yake Walenisi ilitoka 1995, na ni mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kesi miaka ya 80 kwa hiyo hakuhitaji kubuni sana. Yeye aliigeuza hii biashara kichwa chini. Mtu wake, Dzombo, anahukumiwa kufa, anatiwa kwenye chombo kimrushe akafe huko, na badala ya kufa anatua nchi yenye haki. Nchi mbovu ndiyo nyumbani, unaijua, mshangao uko kwenye nchi nzuri. Wazungu wanasoma jinsi mji mzuri unavyogeuka jehanamu. Mkangi aliona kwetu la kusisimua ni kinyume chake, na jina lenyewe ukilikata ni wale ni sisi. Nilimpa mzee wa bandarini habari hiyo akacheka mpaka akakohoa, akasema "basi huyo alikuwa yuwatuonea imani."

Huyo mzee ndiye aliyenitoa jasho. Siku moja tumekaa nje kwa kinyozi tukabishana mwanzo. Maana kurasa 30 hazipo, na wote wanne tumesoma (na mmoja kusimuliwa) na hakuna, narudia hakuna, aliyekuja kuniuliza kabla, ilianza vipi? Kila mtu alishajijazia wa kwake kimya kimya. Kijana wa tuktuk alikuwa na uhakika ilikuwa vita, akaeleza hadi nani alimpiga nani. Kinyozi akasema wapi, kuna tajiri alinunua mto. Mamangu mdogo kutoka dirishani akasema watu waliacha kusali. Mimi nilikuwa na yangu ya ukame. Tukamgeukia mzee, akawa anajikuna kidevu kipya, akasema, "Hakikuanza kitu. Kwanza kadi ilikuwa ya kupunguza foleni."

Kimya. Kinyozi akazima mashine.

Na mimi mjinga nikaenda kuutafuta mwanzo wa kweli. Nilichukua wiki mbili, nikiandika sentensi za katikati kwenye simu kutafuta ni kitabu gani, mpaka nikakipata, nikalipia, nikasoma zile kurasa 30. Kuna ramani. Kuna mwanasayansi anahutubia wanasayansi wenzake mambo ambayo wote wanayajua. Kuna tarehe, na mkataba, na jina la bomu. Ni kurasa mbaya kuliko zote mle ndani, nikaelewa kwa nini zilikuwa za kwanza kutoka. Kijana wa tuktuk alifurahi kwa sababu vita ilikuwemo, akataka kinyozi amnunulie soda. Mzee sikumwambia kitu. Aliniuliza kama nimeupata nikamwambia bado natafuta.

Kitabu chenyewe saa hii kiko Likoni, kinyozi amempa shemeji yake, na doa la viazi karai nasikia limeshapata mwenzake wa chai. Ningetaka kirudi, nimekizoea hivyo kilivyo bila kichwa. Mamangu mdogo naye anasubiri nimwanzishie kingine, amenipa sharti nitafute chenye kuosha maiti ndani yake na bado sijakiona, mwenye kukijua...

Ngojeni. Saa 8 usiku hii, mfereji wa nyuma umeanza kukohoa, na yeye ashaamka aniita. Naenda kukinga.